Harage Moja Jeusi Lilivyomfungia Garbiñe Jiko

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, soko la Tolosa, mji wa Wabaski kaskazini mwa Hispania, limeshachangamka na Garbiñe Zeberio anapita katikati ya meza za wakulima, saa mkononi, kama mwamuzi wa mbio. Ananusa jibini, anasalimia, anaandika kwenye daftari. "Dakika arobaini," anasema. "Chini ya hapo wageni hawatoki, maana huyu mama wa pilipili hamwachii mtu."

"Nimwachie ili iweje? Niuzie mto?" mama wa pilipili anajibu huku akifunga fungu jingine.

Garbiñe ana miaka hamsini na sita. Kwa miaka ishirini na tisa aliendesha mashine ya kunyanyulia mizigo katika kiwanda cha karatasi, mpaka kiwanda kikafungwa. Sasa ana gari la abiria wanane na kazi aliyojitungia mwenyewe: kuwapangia wageni safari ya siku mbili waonje maisha ya Wabaski na chakula chao, kisha awarudishe kituo cha treni wakiwa hai.

Hilo la kuwarudisha hai si mzaha. Mpango wake wa kwanza ulikuwa na milo sita kwa siku. Majirani waliojitolea kuujaribu walikwama saa nne nzima kwenye nyumba ya pombe ya tufaha. Kila mara mwenye nyumba alipopaza sauti kwamba pipa linafunguliwa, waliacha nyama mezani, wakainuka na glasi zao, wakapanga foleni upya. Jibini hawakuiona, na mchezo wa mpira wa ukutani waliukuta umekwisha.

"Mbaski ukimwambia apange safari, atakupangia mlo," anasema na kucheka mwenyewe. "Hata nafasi ya kulala nilisahau!"

Amepunguza. Lakini kuna mlo mmoja asioweza kuugusa, nao ni wa Jumamosi jioni.

Wiki ijayo anapokea kundi lake la kwanza, wauguzi wanane kutoka Valladolid, saba kati yao wanawake. Kila mmoja analipa yuro mia mbili na arobaini, na wote wametoa sharti moja. "Waliniandikia kwamba mikahawa hata kwao ipo. Wao wanataka kushika mwiko." Wakiridhika, wenzao wa hospitali watakuja kila mwezi hadi Oktoba. Wasiporidhika, Garbiñe atauza gari. Hafichi hilo.

Na pa kushikia mwiko, kwa mila za huku, ni kwenye chama cha mapishi. Wanachama, wanaume watupu, wana ufunguo wao, wanapika wenyewe, wanaosha sufuria wenyewe, wanaimba mpaka jirani agonge ukuta. Mwanamke hukaribishwa kula, ila jikoni haingii. Vyama vingi vimeshaitupa sheria hiyo. Chama cha mtaa wa Garbiñe, ambacho marehemu baba yake alikipenda kuliko kanisa, bado kinaikumbatia.

Akaomba ruhusa. Wanachama wakakubali kupiga kura, Jumanne jioni, kwa siri kama kawaida. Kwa kawaida hutumia vigololi vya mbao, lakini mafuriko ya Desemba yalizoa sanduku lote. Mwenyekiti, Koldo Arruti, fundi bomba mwenye masharubu ya heshima, akatumia maharage. Jeupe ni ndiyo, jeusi ni hapana, na jeusi likiwa moja tu, ombi limekufa mpaka Januari. Ndivyo kitabu kinavyosema.

Garbiñe alikaa upande wa meza za kulia, mikono mapajani. "Nilisikia yanavyodondoka kwenye bakuli. Tak, tak. Moyo wangu nao hivyohivyo."

Koldo akahesabu kwa sauti. "Meupe ishirini na mawili." Akaokota la mwisho. "Jeusi moja."

Makelele yakazuka. Nani huyo? Ajitaje! Kura ni siri bwana, acheni ushamba! Katikati ya zogo akasimama mzee Inaxio wa shamba la Iturralde, mkulima wa miaka themanini na moja. Alikuwa amefika kwa kuchelewa, wenzake wakiwa wameshaelezwa na kupanga foleni, kwa sababu ng'ombe wake alikuwa anazaa.

"Jeusi ni langu," akasema. "Mbona mmenuna?"

"Mzee, jeusi ni hapana!"

"Hapana? Tangu lini?" Inaxio akashika kiuno. "Maharage meusi ya Iturralde, niliyoyapanda kwa mkono wangu, ndiyo hapana? Na hayo meupe ya dukani ndiyo ndiyo? Mimi meupe namwagia kuku! Binti wa Zeberio anaomba kitu, nimpe cha kuku?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ukumbi mzima ulijua kwamba hakuna mwana wa Tolosa, mji unaojivunia harage jeusi, ambaye angemfikiria mzee vibaya kwa hilo. Garbiñe peke yake hakucheka. "Nilitaka kulia, na nilitaka kumrushia mtu kiti, vyote kwa pamoja."

Akawaomba warudie kura. Koldo akafungua kitabu, akakifunga. "Dada, kitabu ni kitabu. Kura haina marudio." Na hapo, niseme ukweli wangu, huyu Koldo alinikera. Watu ishirini na watatu walitaka jambo moja, likashindwa na karatasi.

Asubuhi yake, Garbiñe alipofungua mlango, alikuta trekta imeziba njia na Inaxio juu yake, kofia mapajani.

"Sikulala," mzee akasema. "Nimekuharibia, mwanangu."

"Yameshapita, mzee wangu."

"Hayajapita. Mimi kwangu kuna jiko. Halina kitabu."

Jiko hilo lilikuwa halijawashwa miaka minne, tangu alipofariki mkewe, Joxepa. Mzee alikuwa akila mkate na jibini amesimama dirishani. Siku ya kwanza bomba lilitapika moshi mpaka ng'ombe wakakohoa. Siku ya pili walipika chungu cha majaribio: maharage, moto mdogo, maji baridi kidogokidogo, kabichi na soseji ya damu pembeni. Kilikaa motoni saa tatu na nusu. Inaxio alikula sahani mbili, akageuka ukutani akafuta macho, akasingizia pilipili.

Garbiñe ameshapanga upya safari yote. Kutoka sokoni hadi Iturralde ni dakika kumi na saba. Ziara ya makumbusho imekatwa. Wauguzi watachagua maharage wenyewe, watayaloweka wenyewe, na Jumapili watalala mpaka saa nne kama binadamu.

"Januari nitaomba tena chamani," anasema. "Si kwa ajili ya wageni. Kwa ajili yangu. Lakini sasa hivi sina tena mtu wa kumsubiri."

Hajamaliza kusema, Koldo anatokea baina ya meza za soko, anajikuna shingo.

"Garbiñe. Ee... tumezungumza pale chamani. Wako sita wanataka kupanda Iturralde Jumamosi ijayo. Saba, na mimi."

"Kufanya nini?"

"Kusaidia kupika."

"Muulizeni mwenye jiko."

"Tumemuuliza. Inaxio kasema jiko siku hiyo ni lako, tuombe kwako."

Mama wa pilipili ameacha kufunga mafungu. Garbiñe anafungua daftari, anapitisha kidole kwenye ratiba taratibu, mstari kwa mstari, hana haraka hata kidogo. Furaha aliyonayo usoni haihitaji mtu wa kuieleza.

"Mje," anasema. "Kuna vitunguu vya kumenya, nje kwenye benchi. Jikoni mtaingia nikiwaita."

Koldo anavua kofia. Anauliza waje saa ngapi.