Pikapu ya Mjomba, mganga wa Buseresere na boneti ambayo ukoo wetu hauruhusiwi kuifungua

Wakuu wa jukwaa la magari, salaam. Wenye magari, na nyie mnaochangia humu mkiwa mmesimama kituoni, wote nawasalimu kwa heshima ileile.

Wiki nzima nawasoma mnavyogombana kuhusu gari za yule Mjapani. Mmoja anasema hazifi. Mwingine anasema za siku hizi ni plastiki tupu. Wa tatu hajawahi kumiliki hata baiskeli, ila ana msimamo.

Kampuni siitaji jina. Mods wa humu wakali, na nyie wote mnaijua.

Nitakayosimulia nimeyaona kwa macho yangu, nikiwa na akili timamu na nguo zilizolowa. Wa kusema hii ni chai, sukari aje nayo.

Kwanza historia kidogo, maana kuna vijana humu wanadhani kampuni ilianzia bandarini Dar.

Hawa jamaa walianza na mashine za kufuma nguo. Ndiyo, nguo. Baba alikuwa fundi wa mashine za vitambaa, mtoto akaona afadhali magari. Vita ya pili ikawakuta wanatengeneza malori, ikawaacha hoi, wakaanza upya. Miaka ya sitini pikapu zao na zile gari za porini zikaanza kushuka kwenye bandari zetu.

Sisi Usukumani wakati huo tunalima pamba mpaka mgongo unapinda. Marobota yanaondoka Shinyanga kwa treni, yanakokwenda hatujui. Mimi huwa najifariji kwamba labda pamba ya marehemu baba ilipita kwenye mashine za hao jamaa, ikarudi ikiwa pikapu, tukauziwa wenyewe. Biashara nzuri sana, hasa kwa upande mmoja.

Na msidhani tuliwapokea kwa vigelegele. Gari la Mwingereza likiharibika, watu walisema barabara mbaya. La Mjapani likipata pancha, walisema si tuliwaambia.

Jirani yetu mmoja alipigana Burma enzi za mkoloni. Aligoma kabisa lifti, akasema hawezi kupanda gari la watu waliomfyatulia risasi. Akaenda mnadani kwa miguu, akarudi kwa miguu, anachechemea na msimamo wake.

Sasa tuje kwa Mjomba.

Mjomba wangu, kaka yake mama, aliishi Maganzo, pale jirani na mgodi wa Mwadui. Alikuwa mfanyabiashara wa karanga. Karanga zake zilikuwa ndogo, zinang'aa, na hakupenda kuziongelea mbele ya polisi.

Mwishoni mwa miaka ya sabini karanga zilimkubali. Akanunua pikapu ya Mjapani, rangi ya maziwa, kwa mkandarasi mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Ni wakati ambao kipande cha sabuni tu unakipata kwa kujuana, halafu wewe unapita na pikapu unapiga honi. Maadui alijipatia bure, bila hata kuomba.

Kwa hiyo Mjomba akafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya. Hakununua spea, wala hakutafuta kitabu cha gari. Alilipeleka likazindikwe.

Akaendesha mpaka Buseresere, njia ya Biharamulo, kwa mganga aliyesifika kwa ng'ombe na mashamba. Magari ilikuwa idara mpya kwake, ila hakusita. Akafunga kifurushi cha kaniki ndani ya boneti, nyuma ya rejeta, kwa kamba ya katani. Akatoa sharti moja tu.

Boneti isifunguliwe na mwenye gari, wala mtu yeyote wa damu yake. Siku ikifunguliwa na mmoja wao, gari linakufa, na aliyefungua analifuata.

Naona mnacheka. Nyie mliobandika stika ya "Mungu Kwanza" kwenye gari lenye matairi kipara, chekeni taratibu.

Maana sharti lilifanya kazi vizuri tu. Mjomba alikuwa na dereva, jamaa wa Kigoma, asiye na undugu nasi hata wa mbali. Yeye ndiye aliyefungua boneti, akapima oili, akajaza maji, akakaza ile kamba ya mganga ikilegea. Gari likawa halisumbui. Sifa zote zikaenda Buseresere. Mjapani hakupata hata salamu.

Halafu siku moja yule dereva akasikia dhahabu imetoka huko Geita. Akaacha funguo mezani, akaondoka na sululu. Sijamlaumu, mimi mwenyewe nilitamani.

Kuanzia hapo Mjomba akaendesha mwenyewe. Na boneti ikakaa imefungwa. Maji ya rejeta? Dawa ipo. Oili? Dawa ipo.

Mimi wakati huo nilikuwa karani wa kununua pamba Masumbwe. Enzi hizo Masumbwe ni wilaya ya Kahama, mkoa wa Shinyanga, nyie mnaoijua kama Geita tulieni. Nilikuwa nimeoa Msumbwa wa palepale, anaitwa Vero, na alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Mama yangu alikuja kumhudumia. Mjomba naye akawa anapita kwetu akielekea Geita, maana alikuwa ameanza na karanga za njano.

Uchungu ukamshika Vero asubuhi, mvua za masika zimechachamaa. Tukampeleka zahanati. Mkunga akampapasa tumbo, akampapasa tena. Akaniita pembeni.

"Mtoto amekaa vibaya. Mpelekeni Kahama sasa hivi. Mkichelewa, baba, utapoteza mmoja, au wote wawili."

Wakuu, mimi ni mtu wa utani, mnanijua. Siku hiyo utani uliniishia palepale.

Bahati nzuri Mjomba alikuwepo na pikapu. Mbele wakakaa Mjomba, Vero na mama. Mimi, baba mtarajiwa na karani wa serikali, nikapanda nyuma na mvua yangu.

Barabara ya wakati ule tuiite barabara kwa adabu tu. Mahali ni mchanga, mahali ni mbuga, ule udongo mweusi ambao ukikanyaga unaondoka na kiatu. Pikapu ikapita. Nakiri, ikapita sehemu ambazo trekta lingeomba ruhusa.

Mpaka tulipofika katikati ya mbuga, hakuna nyumba wala mtu. Nikaona mvuke unatoka mbele. Gari likakohoa, likazima.

Mjomba akashuka. Akaliangalia gari kama anaangalia mgonjwa. Mvuke unafuka pembeni ya boneti, na maji yapo tele mtaroni, hata kopo lipo. Kilichotakiwa ni mtu wa kufungua boneti.

Hesabu ya damu ikaanza. Mjomba, mwenye gari. Mama yangu, dada yake wa tumbo moja. Mimi, mtoto wa dada yake. Wote watatu tumesimama kwenye mvua tunaangalia kipande cha bati.

Nikasema nafungua mimi, liwalo na liwe. Nikanyoosha mkono.

"Yaya!" Mjomba akaudaka, akikataa kwa Kisukuma. "Yaya, mwana wa dada! Ukifa hapa mtoto ataitwa wa nani?"

"Na mama yake akifa?"

"Tusubiri. Atapita mtu."

Mama hakunisaidia. Alisimama analia, kashika mlango. Na hapa sarcasm naiweka pembeni kidogo, wakuu: mkono wangu haukunyooka tena. Nilijiambia Mjomba kanishika. Mjomba alikuwa mzee mwembamba.

Ndipo Vero akashuka.

Kwa mila zetu mkwe hamkodolei macho mkwe wake, wala hamjibu. Vero alikuwa na adabu hiyo, kamwe hakuwahi kupaza sauti mbele ya Mjomba. Akaja anashikilia ubavu wa gari, khanga imelowa chapa, akainamisha macho chini kama inavyotakiwa.

"Samahani, Baba. Mimi ni damu yenu?"

Mjomba akafikiri. Kwa haki kabisa akajibu: "Wewe si damu yetu."

"Basi naomba mnipishe."

"Lakini huyo tumboni ni damu yetu!"

"Huyo mikono yake bado iko ndani, Baba."

Hilo hata mganga sidhani alikuwa amelifikiria.

Mjomba akageuka, akatupa mgongo, na mama akageuka. Mjomba akawa anaelekeza akiwa anaangalia porini. Vuta kidude cha chini. Inua. Weka ule mti wa kuishikilia. Vero anafuata. Uchungu ukija anashika bampa, anainama, anaguna, ukipita anarudi kazini. Mama anamsugua kiuno kwa kinyumenyume.

Kisha Vero akasema, "Baba, kuna nguo imejizungusha kwenye feni."

Mjomba akataka kugeuka, akajizuia.

"Nguo gani?"

"Nyeusi. Imefungwa na kamba."

Ndiyo, wakuu. Ilikuwa ile dawa. Dereva alipoondoka hakuna wa kukaza kamba, kifurushi kikadondoka kwenye feni, kikajiviringisha mpaka feni haizunguki sawasawa na belti inanuka kuungua. Maji yaliyobaki yakachemka yakaisha. Kinga ya gari ndiyo iliyokuwa inaliua, na Mjapani wa watu kaivumilia kutoka Maganzo mpaka pale bila kulalamika.

Vero akauliza, "Niitoe?"

Mjomba bado katugeuzia mgongo. Mvua inampiga kichwani. Nilimwona mabega yakishuka.

"Itoe, mwanangu."

Akaing'oa. Akafungua mfuniko wa rejeta kwa pindo la khanga, mvuke ukamrukia kiganja cha kulia. Nikasikia ngozi ikiungua, na nikamsikia akivuta pumzi kwa meno. Hakulia. Mimi nikawa nachota maji mtaroni, nampa kopo kwa nyuma nikiwa nimefumba macho. Tulijaza pole pole mpaka likakubali.

Likawaka. Funguo moja tu.

Tukafika Kahama. Wakampasua jioni ileile, na daktari alituambia kwamba tungechelewa kidogo tu angekuwa anaongea na sisi maneno mengine. Akazaliwa msichana. Tukamwita Kabula, kwa sababu ya ile mvua. Nesi alipomfunga Vero kiganja alimuuliza kaunguaje, Vero akasema alikuwa anapika.

Mnadhani Mjomba alijifunza? Subutu.

Kesho yake akawaeleza ndugu wote kwamba dawa ilijitoa mhanga. Kifo kilikuja kumfuata mtoto, kaniki ikakidaka, ikaungua yenyewe. Watu wakaitikia kwa kichwa. Mganga wa Buseresere, nasikia, akapata wateja mpaka wa matrekta.

Na sharti likabaki palepale. Tofauti ni kwamba sasa ukoo ulikuwa na mfunguaji wake rasmi. Mjomba akawa anaendesha kutoka Maganzo mpaka Masumbwe ili Vero apime oili. Anafika, anapewa maji ya kunywa, anageuza mgongo, Vero anafungua boneti. Akimaliza, Mjomba anakula ugali, anarudi Maganzo. Mafuta yenyewe ya kutafuta kwa tochi.

Kwa kufungua na kufungua, Vero akajua gari. Akajua sauti ya belti inayolegea, akajua plagi ikichoka. Wenye pikapu wengine waliopewa masharti kama yetu wakaanza kumletea. Wakamwita Mama Boneti. Nyie mnaojadili humu kama mwanamke anaweza ufundi, sisi tuliletewa jibu na mganga.

Mjomba alipofariki, kikao cha mirathi kilikuwa kifupi kuliko vyote nilivyohudhuria. Wanawe waliitaka pikapu. Mzee mmoja akauliza nani kati yao atafungua boneti. Wakaangaliana. Pikapu ikaja kwa Vero, kwa kutunza tu, asije akahesabiwa mwenye gari.

Imekaa kwetu tangu hapo. Imebeba pamba, wagonjwa, maharusi na majeneza. Nilipokuwa namsomea Vero mabishano yenu ya nyuma humu, kuhusu siri ya hizi gari kudumu, alikuwa anacheka. Anasema, "Waambie waangalie maji."

Hilo ndilo funzo lenyewe, wakuu. Mjapani atasifiwa, mganga atasifiwa, lakini mahali fulani kuna mtu ameungua mkono na hakuna anayemtaja. Leteni maoni yenu, na wenye ushuhuda wa gari za miaka ile msibane. Matusi pia karibuni, nina muda.

Ila wanaokuja PM kuuliza kama nauza: siuzi. Na wanaoomba picha ya injini: haipatikani.

Vero alitangulia mwaka jana. Wiki kabla hajalazwa alitoka na khanga yake, akafungua boneti, akajaza maji, akafunga, akaifuta na kiganja kile chenye kovu.

Baada ya arobaini mwanangu wa pili, fundi magari huko Mwanza, akaniambia, "Baba, tuliwashe." Nikasimama mbele ya gari nikamkatalia, sharti ni sharti. Akacheka: baba, na elimu yako yote unaamini hayo?

Nikamwambia naamini sana. Ilikuwa rahisi kuliko kumwambia ukweli, kwamba ile boneti kaifunga mama yake, na mimi siwezi kuifungua.