Nilivyomwungamia Mama Mkwe Wangu

Nawaambia mwenyewe kabla hamjaletewa habari na watu wa Buhare. Sikio langu la kushoto halisikii. Lilipasuliwa na kofi la mume wangu Magesa, siku ile mama yake, Nyangeta, alipoushikilia mlango nisitoke. Nawataja bila kuogopa. Magesa alikufa, mzigo wa mama yake ukaniangukia mimi, namlisha mpaka leo. Chuki ikaninyima komunyo, ndiyo maana nikataka niungame kabla ya Pasaka.

Kwaresima tunaungamaga nje, padri kwenye kiti kando ya ukuta wa kanisa, sisi foleni. Nilitangulia, Nyangeta nyuma yangu na fimbo yake. Mjinga mimi, nikapiga magoti nimempa padri sikio bovu. Aliponong'ona, nikadhani amenyamaza ananisikiliza. Na kiziwi hajuagi kama anapiga kelele.

Nikaanza na kofi, nikaja kwenye mlango. Padri akapunga mkono, nikaona ananihimiza. Nikaendelea, "Baba, kila nikimkorogea uji namwombea afe!"

Padri akanishika bega, akahamia kwenye sikio zima. "Mama, shusha sauti. Na za mlango ni dhambi za mkweo. Yako ni hiyo ya mwisho."

Nikageuka. Foleni nzima wameinama kama wako msibani. Nyangeta peke yake ananitazama.

"Baba," akamwambia padri, "zangu ameshazisema zote. Niulizie tu, uji wa jioni atanikorogea nani?"