Sajini Okwera Apimwa Nguvu

Sajini Okwera, mwalimu wa paredi, alistaafu polisi zamani, lakini mgongo wake haukupewa taarifa. Kwake Kawempe hata uji anaunywa amekaa wima. Figo zilipoanza kumsaliti alimeza dawa, akaacha chumvi, na hakumlilia mtu. Mkewe Alanyo peke yake ndiye aliyejua kwamba ameshaanguka bafuni, na kwamba kutoka kitandani kumegeuka kazi nzito.

Siku hiyo, kwenye kliniki ya figo ya hospitali ya Mulago, muuguzi Nakhisa alikuwa akiwapima wagonjwa udhaifu wa mwili. Figo zikichoka, alieleza, nguvu huvuja kimyakimya. Ikigundulika mapema, mtu hupewa mazoezi na chakula cha kumrudisha. Asiyegundulika huenda akaanguka siku moja na asiinuke tena. Maneno hayo yalimwingia Alanyo hadi mifupani.

"Mzee, tembea kawaida mpaka kwenye ule mstari," Nakhisa alisema, saa ya kupimia mkononi.

Kumwambia mwalimu wa paredi atembee mbele ya watu! Okwera alivuta pumzi, akatoa kifua na kuondoka, kushoto, kulia, visigino vikigonga sakafu hadi benchi zima la wagonjwa likageuza shingo. Alanyo alishika mdomo. Mtu huyu jana alikwenda msalani akishikilia ukuta! Nguvu hizi amezichota wapi? Kwenye mstari alisimama mguu sawa, macho mbele.

"Mzee, uko fiti!" Nakhisa alicheka, akachukua kalamu.

Alanyo aliona magoti yakitetemeka ndani ya suruali. Akinyamaza, mumewe atarudi nyumbani na sifa zake, na sakafu ya bafu inamngoja.

"Sista, hii si kutembea. Hii ni paredi." Kisha akainuka, na kwa sauti aliyoisikia miaka yote ya kambini, akaamuru: "Sajini Okwera! Mguu pande!"

Mwili ulitii kabla mwenyewe hajakataa. Mabega yakashuka, mgongo ukapinda, akabaki mzee mwembamba anayehema. Alanyo alipigwa na butwaa. Kumbe mzigo wote huu alikuwa akiubeba kila siku, hata mbele yake yeye!

"Mama Aryemo, umeniaibisha," alimnong'oneza mkewe.

"Afadhali aibu. Tembea sasa kama nyumbani."

Nakhisa akabonyeza saa upya. Okwera alipapasa hewa akitafuta ukuta, akaukosa, akaenda hivyo hivyo, kidogo kidogo, watu wote wakimtazama. Alanyo aliwahi kumwona akiongoza paredi mbele ya wakubwa, lakini jasiri namna hii hakuwahi kumwona.