Moto wa Bibi na Mtungi wa Mama

Nikisikia harufu ya gesi ya kupikia, ile ya mayai viza, hufungua dirisha kwanza, kisha nacheka. Inanirudisha nyumbani kwetu Bariadi, msimu wa kuvuna pamba, jikoni kwa bibi mzaa baba, ambako kuta zilikuwa nyeusi tii kwa moshi. Bibi alikuwa na moto ambao haukuwahi kuzimika tangu aolewe. Kila jioni aliufukia majivuni, asubuhi akaufukua, na majirani wakaja na vigae kuomba kaa. Aliyeupuliza mchana kutwa ni mama yangu, mpaka daktari akamwambia wazi kwamba kifua chake hakiuwezi tena moshi ule.

Basi mama mdogo Kabula, mdogo wake mama, akaja kutoka Binza na jiko la gesi, mtungi na mpira wake. Ana mdomo huyo, jamani! Lakini gesi anaijua, maana ndiyo biashara yake. Akaweka jiko mezani, akausimamisha mtungi wima, akafungua dirisha na mlango, kisha akayatazama mafiga. Akasema hagusi kitu mpaka moto uzimwe. Bibi akavuta kigoda, akaketi mbele ya mafiga yake, akasema moto wa kaya hauzimwi na mgeni, jiko lirudi Binza. Mama alikohoa. Nilikuwa nimeshika bakuli la povu la sabuni na machozi yananilenga, kwa kuwa nilimtaka mama yangu mzima.

Bibi alikisikiliza kile kikohozi mpaka kikaisha. Akainuka, akazoa makaa kwenye kigae, akayapeleka mwisho wa ua na kuyapangia mawe mapya. Akarudi, akayamwagia maji majivu yaliyobaki.

“Sijauzima, Kabula,” alisema. “Nimeuhamisha.”

Ndipo mama mdogo akafunga regulata, kile kifungulio cha gesi, kichwani mwa mtungi, akachomeka mpira, akakaza vibana, akafungua mtungi bila kuwasha chochote. Nikapaka povu kwenye maungio, tuone kama gesi inavuja. Kwenye kibana kimoja povu likavimba, na ile harufu ikatupiga puani. Akafunga mtungi haraka, akakaza, akafungua tena, tukapaka upya, povu likatulia. Bibi akataka lipakwe tena, na tena, eti hamwamini mtu mwenye maneno mengi. Mama mdogo alinuna. Sisi tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Jioni, ugali ulipoiva, bibi aliingia na kigae cha majivu ili aufukie moto wa gesi ulale. Alipomwona mama akifunga mtungi na moto ukapotea, alisikitika kweli.

“Kumbe huu mnauua kila siku?”

Siku hizi nawasha jiko langu kwa kubonyeza, na hakuna jirani anayenigongea kuomba moto. Bibi hayupo tena. Lakini nikienda Bariadi, namkuta mama, kifua kizima, akipika kwa gesi yake. Akimaliza, anafunga mtungi, anachukua kigae cha majivu, na kutoka uani kuulaza moto wa mkwewe.