Nta Katika Simu ya Upepo

Swali lililonirudisha nyumbani bila shahada ya pili lilikuwa fupi: "Mfumo wako unaishia wapi?" Nilikuwa ng'ambo, mbele ya watahini watatu, nikiwa na michoro kumi na mmoja mkononi. Nilijibu kwamba unaishia kwenye waya wa angani. Wakatazamana. Hawakuniambia nilikosea wapi. Waliniambia nikajenge simu ya upepo inayofanya kazi kweli, niandike taarifa yake, kisha nirudi kwa mara moja tu, ya mwisho.

Ndiyo sababu mvua za kwanza zilinikuta Usinge, kando ya njia iliyopitwa zamani na misafara ya kwenda Ujiji. Mtambo wangu niliuunda mwenyewe. Wa pili ulikuwa Tabora, mtaa wa Mtendeni, chumbani kwa rafiki yangu karani wa posta, ambaye aliuazima kazini kwa siku tatu. Kila siku angenisikiliza kuanzia saa sita mchana hadi saa sita na nusu, na akinisikia angejibu.

Siku mbili zilipita kimya. Mtamboni niliweka taa ndogo, ambayo ilipaswa kung'aa kadiri umeme unavyopanda wayani. Nilipoijaribu Tabora iling'aa. Usinge ilikuwa nyekundu kama kaa linalokaribia kuzimika. Nilipima upya urefu wa waya: nusu ya urefu wa wimbi, bila kasoro. Nilifungua mtambo nikaufunga tena. Nilishuku udongo, nikashuku majani ya msitu, na hatimaye nikajishuku mwenyewe, jambo ambalo tangu ule mtihani halikuhitaji ushahidi mwingi.

Asubuhi ya siku ya tatu alipita mrina asali, mtu mzima, akiwa na mabunda ya kamba begani.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba. Mtu wa wapi wewe, unayetundika kamba ya nguo na nguo huna?"

"Mzaramo."

"Ala! Mtani! Ndiyo maana. Babu yangu alifika kwenu kwa miguu, pembe ya ndovu begani. Wewe umeletwa na garimoshi na bado umechoka!"

"Alifika, ndiyo. Tukamwomba akae upande upepo unakokwenda, kwa jinsi alivyonuka moshi wa nyuki."

Alicheka hadi akatua mabunda yake, kisha akatazama juu, pale ncha za waya wangu zilipofungwa kwa kamba za magome kwenye mininga miwili.

"Kamba zako zimelegea. Zimekunywa maji kama ng'ombe wa Ziba wakati wa ukame. Ukitundika mzinga hivyo, kesho uko chini."

"Tatizo si kamba, mtani. Tatizo liko kwenye hesabu."

"Basi hesabu na ipande mtini ishike waya."

Hakungoja ruhusa. Alipanda mti wa kwanza, kisha wa pili, akafungua kamba zangu na kufunga zake, nyeusi, zinazoteleza kwa nta. Nilimwacha, kwa kuwa kabila lake na langu ni watani na mtani hakatazwi, na kwa kuwa nilikuwa kwenye ukurasa wa nne nikitafuta nukta ya desimali iliyopotea.

Saa sita kamili niliwasha mtambo. Taa ikawaka nyeupe!

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Vishikizo vya kauri vya kutenga waya na kamba vilikuwa vimevunjika garimoshini nikija Usinge, nami nilikuwa nimejiridhisha kwamba kamba kavu haipitishi umeme. Hesabu ile ilikuwa sahihi. Neno "kavu" ndilo nililolisahau, huku mvua ikinyesha kila usiku. Umeme wangu ulikuwa ukivujia kwenye magome yaliyolowa, na nta ya yule bwana ilikuwa imeziba njia.

Nilibonyeza kitufe, nukta na vistari. Nikasikiliza. Mvumo mtupu. Nikarudia. Halafu, ndani kabisa ya mvumo, sauti nyembamba kama mdudu ndani ya kibiriti: NAKUSIKIA. TARATIBU, UNAPIGA MBIO MNO.

Nilipiga ukelele.

"Nini hicho?" aliuliza mtani.

"Ni Tabora! Tabora inasema!"

"Inasema nini?"

"Inasema nipunguze mbio."

"Kumbe hata Tabora wamekujua." Akanivua kofia, akaijaribu kichwani pake. "Hii nimeichukua."

Kwa desturi ya utani sikuwa na haki ya kuidai, na siku ile ningempa na viatu.

Alipoondoka nilichora mchoro wa kumi na mbili, wa kwenda nao kwa watahini. Baada ya waya nikachora kamba, juu ya kamba nta, baada ya kamba mninga. Hapo kalamu ikasita: na mizizi je? Na udongo, na mvua yenyewe? Nikageuza karatasi upande wa mapana ili nipate nafasi, nikaendelea kuchora.