Barua Iliyokunjwa Kinyume

Mama dobi huingia posta yetu hapa Philadelphia mapovu hayajamkauka viwikoni. Vidole vimemsinyaa kwa maji, lakini akiibana nta kufunga barua, utadhani anamkaba mtu koo. Barua zote humwandikia mheshimiwa mmoja mstaafu wa Virginia, aliyehubiri uhuru nchi nzima huku akimshikilia mume wa mama huyu utumwani. Leo nilimrudishia mama barua yake ya mwisho.

“Pole, mama. Kaikataa tena, hata hajaifungua.”

“Ala! Mheshimiwa mzima anaogopa karatasi?”

Akabandua nta, akaikunja upya kinyume, maandishi yote yakawa nje: *Nirudishie Absalom wangu.*

“Haya, ipeleke hivyo hivyo. Virginia nzima ikishaisoma, ndipo aikatae.”