Mstari wa Masale

Kikundi chetu cha kutunza msitu wa kijito, huku juu ya Maji ya Chai, kilikuwa na wanachama kumi na mmoja, mapanga tisa na kanuni moja. Kanuni aliitunga mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu wa hisabati: mmea unaosimama kwa mstari umepandwa na mtu, na uliopandwa na mtu si wa asili, kwa hiyo ung'olewe. Alisema msitu haujui rula. Hatukubisha. Wengine wetu tulikaribia kunyoosha vidole kuomba ruhusa ya kunywa maji.

Kazi ilikuwa kila Jumamosi asubuhi. Tulikata lantana, ile yenye maua mazuri na tabia mbaya, tukapanda mringaringa, mseseve na mkuyu, miti iliyojaa kingo zote kabla watu hawajalima hadi majini. Kufika kijitoni tulipita katika shamba la bibi mmoja Mmeru, mjane, kati ya migomba na kahawa. Yeye hakujiunga na kikundi. Alisema alikuwa akikitunza kijito hicho kabla sisi hatujakiandikia katiba. Hata hivyo kila Jumamosi alituwekea chupa mbili za chai ya maziwa, na tukichelewa alituita kwa sauti iliyofika barabara kuu.

Chini ya shamba lake, kutoka kwenye kahawa hadi majini, palikuwa na mstari wa masale, mimea ya shina jembamba na majani marefu kama ya mahindi. Mwenyekiti alipouona alifurahi kama mwalimu aliyemkamata mwanafunzi na karatasi ya majibu. Siku hiyo bibi alikuwa ameenda msibani, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza.

Wa kuulizwa nilikuwepo mimi. Nimezaliwa Machame. Kwetu Uchagani sale ndilo mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na ukimkosea mtu humwendei mikono mitupu, unampelekea jani lake lililofungwa fundo, naye hawezi kukunyima msamaha. Hakuna Mchaga asiyelijua, hata aliyelelewa dukani. Nilifungua mdomo. Mwenyekiti akasema, "Mstari," nikaufunga.

Niseme ukweli, niliogopa kuonekana mshamba. Nilikuwa nimetoka kuuza vitenge mjini, Daraja Mbili, miaka ishirini, mwanachama mpya, na nilitaka waone kwamba mambo ya mazingira nayaelewa. Nikang'oa matatu kwa mikono yangu, wenzangu wakamalizia. Mashimo yalipobaki wazi tuliona ni baraka, maana nani apende kuchimba mara mbili? Tukapanda miche ya mringaringa humo humo. Masale tukayatupa kwenye lundo la lantana yakauke, tuje tuyachome.

Jumamosi iliyofuata hapakuwa na chai. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya njia. Hakufoka. Alitueleza taratibu kwamba masale yale yalipandwa na marehemu mume wake pamoja na mdogo wake, siku wazee wa ukoo walipowapatanisha juu ya shamba. Tangu mume afariki, shemeji huyo ameanza kusema mpaka uko ndani zaidi, katikati ya kahawa, na hakuna aliyewahi kumjibu isipokuwa yale masale.

Mwenyekiti aliomba radhi kwa hotuba yenye mosi, pili na tatu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hamlaumu, huyo ni mwalimu tu. Kisha akanigeukia.

"Lakini wewe Mchaga, sale ulilijua."

Niliona aibu ambayo sijaiona tangu utoto. Nilishuka hadi kwenye lundo. Masale yalikuwa yamepigwa na jua wiki nzima na bado mabichi. Halifi kirahisi lile. Nikachuma jani, nikalifunga fundo kama nilivyomwona baba akifanya, nikapanda nalo mpaka kwa bibi na kumpa kwa mikono miwili. Nikamwambia nimekosa. Alilipokea, akaligeuza huku na huku.

"Umeniletea moja," akasema. "Mengine yako wapi?"

Tuliyatoa yote, na mashina yake. Tukiwa tunayabeba, shemeji akatokea na fimbo yake. Habari zilikuwa zimemfikia, naye alikuja kuutazama mpaka ambao haupo. Bibi alisimama.

Shemeji alikuta miche ya mringaringa imesimama mmoja baada ya mwingine, kutoka kwenye kahawa hadi majini, imenyooka kabisa. Alipita kando yake hadi chini, akarudi. Akauliza nani aliyepima. Mwenyekiti, mtu aliyeichukia mistari ya shambani kuliko lantana, alimjibu kwamba hakuna aliyepima, tulifuata mashimo ya masale. Mzee alilaza fimbo chini, akashika shina la kwanza, akalisimamisha kati ya miche miwili ili tufukie. Uvivu wetu ulikuwa umemtunzia bibi shamba.

Shina moja bibi alilibakiza. Alilipanda njiani, pale tunapoingilia, akasema hilo ni la kikundi, tuwe tunaliamkia kabla ya kushika panga. Tulidhani anatania. Jumamosi iliyofuata alikuwa pale kwenye kigoda, chai iko nyuma yake, anasubiri.

Mwenyekiti, ambaye watu wazima wa hapa wote humwamkia kwa sababu aliwachapa shuleni, alivua kofia na kuliinamia. "Shikamoo."

"Marahaba," bibi akaitikia kwa niaba ya sale.

Ilipofika zamu yangu nilianza na jina la sale kwa Kichaga, kwa sauti ya kufika hadi alipokuwa mwenyekiti. "Isale," nikasema. "Shikamoo."

Safari hii bibi aliliachia sale liitikie lenyewe. Alinimiminia chai.